Feni kwenye Dari ya Mzee Randa

Saa saba mchana, Mwalimu alibeba kiti chake kwa mara ya tatu. Asubuhi alikuwa amekiweka sebuleni. Ilipofika saa nne, sebule ikawa haikaliki, akakipeleka jikoni. Jikoni nako kukawa tanuri. Sasa alikitoa nje na kukiweka kwenye kivuli chembamba kando ya ukuta.

"Kiti kina miguu minne na bado unakibeba," mumewe alimtania.

"Nakibeba kwa sababu nyumba yako inafukuza watu," Mwalimu alijibu, akajipepea na daftari.

Mwalimu alifundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka thelathini. Alishastaafu, lakini mtaa mzima bado ulimwita Mwalimu, hata mumewe. Mumewe alikuwa seremala. Watu walimwita Mzee Randa, kwa sababu mbao iliyopita kwenye randa yake ilitoka laini kama shavu la mtoto.

Nyumba ile aliijenga mwenyewe, na kitu alichokipenda kuliko vyote ndani yake kilikuwa dari. Ilikuwa dari ya mbao nyembamba, kila moja imepigwa randa kwa mkono, zimepangwa zikabanana, na huwezi kuona msumari hata mmoja. Ilimchukua Jumapili za miaka miwili. Mgeni alipoingia, Mzee Randa hakumkaribisha kiti mara moja. Alingoja kwanza mgeni atazame juu.

Lakini juu ya dari kulikuwa na bati, na juu ya bati kulikuwa na jua. Kuanzia saa tano mpaka jioni, joto lilishuka ndani likakaa kama mgeni asiyeaga.

Mara nyingi Mwalimu alikuwa amemwambia, "Tuweke feni ya dari, mume wangu."

Jibu lilikuwa lile lile. "Nani atoboe dari yangu? Labda siku nikiwa sipo duniani."

Badala yake alinunua feni ndogo ya mezani. Feni hiyo iligeuza shingo huku na huku. Ilimpuliza Mwalimu kidogo, ikamwacha, ikampuliza Mzee Randa, ikamwacha. Kila mmoja aliivutia kwake. Mwisho walichoka kugombana, wakaizima.

Basi wakaishi hivyo, mpaka binti yao wa mwisho alipokuja na mtoto.

Mume wa binti huyo alikuwa dereva wa lori. Alipata safari ya wiki sita. Wakakubaliana kwamba mkewe, aliyekuwa na mtoto wa wiki tatu, akae kwa wazazi wake mpaka mumewe arudi. Mzee Randa alifurahi mno. Alimtengenezea mjukuu wake kitanda cha mbao, akakipiga msasa mara nne, kisha akapitisha kiganja kila pembe kutafuta kibanzi.

Mtoto alifika, akalazwa kwenye kitanda kile. Siku ya kwanza alilia tangu adhuhuri hadi jua lilipopoa. Siku ya pili akatoka vipele vidogo vyekundu shingoni na kifuani. Mwalimu na binti yake wakampeleka kliniki.

"Ni vipele vya joto," muuguzi alisema. "Mpunguzieni nguo. Akae mahali penye hewa inayotembea. Lakini feni isimpige usoni moja kwa moja. Na wewe mama, kunywa maji ya kutosha, unanyonyesha."

Siku ya tatu, Mzee Randa alirudi kutoka karakana mapema. Alipokuwa anavua viatu ukumbini, alimsikia binti yake chumbani akiongea na simu.

"Wananitunza vizuri sana, mume wangu. Baba kamchongea kitanda, ukikiona utakipenda. Lakini nyumba ina joto. Mtoto anateseka. Afadhali nirudi kwetu nikakae peke yangu."

Mzee Randa alibaki ameshika kiatu kimoja mkononi. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemsema vibaya. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Chakula cha jioni alikiacha nusu, na Mwalimu alipomuuliza kulikoni, akasema jino linamsumbua.

Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwenye duka la vifaa vya umeme. Alichagua kiyoyozi kikubwa, cheupe, chenye rimoti. Alimwambia muuzaji amwekee hadi jioni. Kisha akapita kwa jirani yake, mwanamke fundi umeme ambaye mtaani aliitwa Mama Swichi. Alimkuta barazani, amefungua pasi na kuitandaza vipande vipande kwenye gazeti.

"Shikamoo, Mzee Randa."

"Marahaba, mwanangu. Jioni nakuhitaji uje unifungie kiyoyozi."

Mama Swichi aliweka bisibisi chini. "Hongera! Umeshanunua?"

"Bado. Nimewaambia waniwekee."

"Basi kabla hujatoa hela, nionyeshe chumba chenyewe. Kutazama hakuna malipo."

Walikwenda pamoja. Mama Swichi hakuangalia dari kwanza, jambo ambalo lilimshangaza Mzee Randa. Aliangalia madirisha. Yalikuwa ya vioo vya kulaza, vile vipande vinavyopandana, na viwili havikuwepo. Aliinama akatazama upenyo chini ya mlango. Akaweka kiganja karibu na pembe ya ukuta, akasikia hewa ikipita.

"Mzee wangu," alisema, "kiyoyozi kinataka chumba kilichofungwa vizuri. Hapa utakuwa unapoza mtaa mzima. Sisi majirani tutakushukuru, lakini bili itakuja kwako. Kiyoyozi kimoja cha chumba kinaweza kula umeme wa feni kumi au zaidi."

"Kumi?" Mwalimu aliuliza kutoka mlangoni.

"Kumi, na pengine zaidi. Feni ya dari ya kawaida inakula kiasi cha balbu moja ya zamani, zile zinazopata moto. Siku hizi kuna nyingine zinakula nusu ya hapo."

"Feni ninayo," Mzee Randa alisema. "Ipo pale mezani. Haina faida."

"Hiyo inampuliza mtu mmoja mmoja, tena kwa pembeni. Feni ya dari inasukuma hewa kutoka juu, inasambaa chumba kizima. Watu wote mnapata, na mtoto anapata hewa ya taratibu bila kupigwa usoni."

Mwalimu alimwangalia mumewe. Binti yao, aliyekuwa amembeba mtoto begani, naye alimwangalia. Mzee Randa alitazama juu, kwenye mbao zake.

"Utatoboa," alisema polepole.

"Tutatoboa tundu moja la waya na fimbo ya feni," Mama Swichi alijibu. "Lakini nikuambie ukweli, mzee. Mimi hata ukiniruhusu sasa hivi siwezi kufunga."

"Kwa nini?"

"Njoo tupande juu nikuonyeshe."

Walipanda kwa ngazi na kuingia kwenye nafasi kati ya dari na bati. Joto la mle ndani liliwapiga kama la tanuri lililofunguliwa mlango. Mama Swichi aliwasha tochi.

"Dari yako ni nzuri, lakini ni nguo tu. Haibebi mzigo. Feni ina uzito, halafu inazunguka na kutikisika saa nyingi kila siku. Ukiifunga kwenye ubao wa dari, ipo siku itashuka na ubao wake. Inatakiwa ishikwe na kitu kilichoshikwa na kenchi." Alimulika zile mbao nene zinazobeba paa. "Kati ya kenchi hii na ile, ipite mbao ngumu, imefungwa kwa bolti. Hiyo si kazi yangu. Mimi ni mtu wa waya. Hapa anahitajika seremala, na asiwe seremala wa kubahatisha."

Jasho lilikuwa likimtiririka Mzee Randa hadi kwenye nyusi, lakini alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aisikie ile simu.

"Nipe vipimo," alisema.

Waliposhuka alimpigia muuzaji simu. "Kile kiyoyozi mpe mwenye haja. Mimi nakuja kuchukua feni. Mbili. Sebuleni na chumbani."

Kesho yake karakana ilifungwa kwa wateja. Mzee Randa alichagua mbao mbili ngumu zilizokaa miaka minne zikikauka. Alizipasua, akazipiga randa pande zote nne, ingawa hakuna jicho ambalo lingeziona kule juu. Alizifunga kati ya kenchi kwa bolti nene, akakaza nati hadi spana ikagoma. Kisha, kabla dari haijarudishiwa mbao alizozitoa, alidandia mbao ya sebuleni kwa mikono miwili na kuning'inia, miguu ikielea hewani.

"Mzee! Shuka!" Mwalimu alipiga kelele. "Una miaka sitini na minane!"

"Napima!"

"Unapima nini, uzee?"

"Ikinibeba mimi, feni itakosaje kubebwa?" Alibembea kidogo ili kuwaonyesha. Mbao haikutoa hata mlio. Binti yake alicheka hadi mtoto akashtuka.

Mahali pa kutoboa, Mzee Randa alichonga duara la mbao lenye mistari kama petali za ua, la kuficha ukingo wa tundu. Alipolipachika, lilionekana kama lilikuwepo siku zote.

Mama Swichi alifika na begi lake. Kwanza alizima swichi kuu ya nyumba. Kisha akagusa waya kwa kitesta kuhakikisha hakuna umeme.

"Wengi wanazima swichi ya ukutani tu," alimwambia Mwalimu. "Usiiamini hiyo peke yake. Na kazi hii ya waya si ya kujaribu mwenyewe kama hukusomea."

Alipima kutoka sakafuni. "Mapanga yasiwe chini ya mita mbili na robo, ili mtu mrefu akipita chini yake yasimguse. Na yasibanane na dari. Acha shibiri moja hivi, hewa ipate nafasi ya kuingia kwa juu. Ikibanwa, itazunguka bure."

Alifunga, akakaza, akaunganisha waya. Swichi kuu ikawashwa. Mwalimu akapewa heshima ya kubonyeza. Mapanga yakazunguka, kwanza polepole, halafu kwa kasi. Wote wakasimama chini yake wakitabasamu. Wakangoja. Tabasamu zikaanza kufifia.

"Mwasikia upepo?" Mama Swichi aliuliza.

"Nauona, siusikii," Mwalimu alisema.

Mzee Randa alianza kukunja uso. Lakini Mama Swichi alizima, akangoja mapanga yasimame kabisa, akapanda ngazi. "Njoo uone, Mwalimu. Hapa ubavuni mwa mota kuna kiswichi kidogo. Kinageuza upande wa kuzunguka. Upande mmoja unavuta hewa juu, mwingine unaisukuma chini. Imetoka dukani ikiwa imewekwa kuvuta. Watu wengi wanaishi na feni ya namna hii miaka, wanasema feni mbovu."

Alikisukuma kile kiswichi. Akawasha tena. Safari hii kitambaa cha mezani kilitikisika, na Mwalimu akafumba macho.

"Aah!" alisema.

"Kwa feni nyingi," Mama Swichi alieleza, "ukisimama chini ukitazama juu, mapanga yaende kinyume cha mishale ya saa. Lakini usikariri. Simama chini. Ngozi yako itakuambia."

Chumbani walisogeza kitanda cha mtoto kisiwe chini ya feni kabisa. Wakaiweka kwenye kasi ndogo. Mtoto alitazama mapanga yakizunguka, akayatazama, akayatazama, akalala. Ilikuwa saa nane mchana. Walitoka kwa kunyata, wote wanne, kama wezi.

Kuanzia siku hiyo Mzee Randa akawa na tabia mpya. Alipokwenda karakana aliwasha feni zote mbili na kuziacha zikizunguka, hata kama binti na Mwalimu walikuwa nje wanafua.

"Nawaandalia," alisema. "Chumba kipoe kabla hamjaingia."

Mwalimu hakubisha. Alitoa kwenye sanduku lake la shule kipimajoto cha ukutani, akakitundika sebuleni. Asubuhi moja alifunga mlango na madirisha, akaacha feni ikizunguka bila mtu. Saa sita akamwita mumewe.

"Soma. Saa nne ilikuwa thelathini na moja."

Mzee Randa alivaa miwani. "Thelathini na mbili." Akagonga kioo kwa kidole. "Kimeharibika hiki."

"Hakijaharibika. Nipe mkono wako." Aliulowesha kwa maji kidogo. "Upulize."

Mzee Randa akapuliza. "Baridi."

"Pumzi yako ina baridi?"

"Hapana."

"Basi hivyo. Upepo unakausha jasho kwenye ngozi, na jasho linapokauka linaondoka na joto lako. Feni inampoza mtu. Chumba haikipozi. Kiti hakitoki jasho, meza haitoki jasho. Ukiviachia vitu hivyo feni, unavipepea bure na umeme unaliwa. Ukitoka, zima."

"Miaka thelathini ulikuwa unawafundisha watoto wa watu haya," Mzee Randa alisema, "na mimi nyumbani hujanifundisha."

"Ulikuwa hujatoboa dari."

Alicheka, akanyoosha mkono, akazima.

Mama Swichi aliposikia habari ya kipimajoto, alimpongeza Mwalimu na kuongeza jambo. "Mkitaka chumba chenyewe kipungue joto, basi joto la bati litafutiwe njia ya kutokea. Na jioni, nje kukipoa, fungueni madirisha, feni isaidie kuvuta ile hewa nzuri ndani."

Mzee Randa hakungoja kuambiwa mara mbili. Alichonga vipande viwili vya mbao za kulaza zenye mianya ya hewa, vyenye wavu wa kuzuia ndege, akavipachika kwenye kuta za pembetatu chini ya paa, kimoja kila upande. Upepo ukawa unaingia huku na kutokea kule, ukibeba joto la bati. Wiki hiyo hiyo kipimajoto cha Mwalimu kilisoma nyuzi mbili chini ya zile za wiki iliyopita, ingawa jua lilikuwa lile lile. Mwalimu aliandika kwenye daftari, akapiga mstari chini yake.

Vipele vya mtoto vilikauka. Binti hakuzungumza tena habari ya kurudi kwake mapema. Yuniti za umeme walizonunua zilifika mwisho wa mwezi bila kuongezwa, tena zikabaki kidogo. Kila mwisho wa mwezi Mwalimu alizima feni na swichi kuu ya nyumba, akamkumbusha mumewe apande ngazi na kitambaa chenye unyevu, kwa sababu vumbi likijaa kwenye mapanga feni inaelemewa na kuanza kuyumba. Mzee Randa alikaza na skrubu za mapanga hapo hapo, moja baada ya nyingine.

Wiki sita zilipoisha, mkwe aliwasili na lori lake, amechoka, shati limemganda mgongoni. Alipokelewa, akala, akaketi sebuleni kuzungumza na baba mkwe wake. Katikati ya sentensi, usingizi ukamchukua, mdomo wazi.

"Mwache," Mzee Randa alimnong'oneza binti yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa zawadi.

Alipozinduka, mkwe aliona haya. "Nisamehe, baba. Sijui imekuwaje."

"Hujakosea kitu. Nyumba imekukubali."

"Kwetu dari ni ya ubao mwepesi. Ukipata nafasi, utakuja kututazamia?"

"Nitakuja na fundi wangu wa umeme," Mzee Randa alisema.

Habari zilitembea. Mama Swichi alipata kazi ya kufunga feni nane kwenye ukumbi wa kina mama pale kliniki. Alimwambia msimamizi kwamba hatafunga hata moja mpaka mbao za kuzibeba ziwekwe na mtu anayemjua. Mzee Randa alifanya kazi hiyo kwa siku nne. Kila mbao aliipiga randa pande zote nne.

Mwezi uliofuata binti alirudi kutoka kwake kumleta mtoto kwenye chanjo. Mwalimu na Mzee Randa walimsindikiza. Ukumbi ulikuwa umejaa. Feni nane zilizunguka kwa kasi ndogo, watoto wengine wamelala mapajani, wengine wanatazama juu. Mama mmoja kijana alishusha kanga begani, akavuta pumzi.

"Siku hizi hapa panakalika," alisema. "Feni nzuri hizi."

Mzee Randa alikohoa kidogo, akatazama viatu vyake. Ni Mwalimu aliyemgeukia yule mama, akanyoosha kidole juu kama zamani alipokuwa mbele ya ubao.

"Unaziona feni," alisema. "Lakini juu ya dari, kila moja imeshikwa na mbao ambayo huioni. Hizo mbao kazipasua mume wangu. Huyu hapa."

Kina mama wote wa benchi lile waliinua macho kwenye dari, kisha wakamgeukia Mzee Randa. Naye akasimama wima, mjukuu wake mikononi, ili wamwone vizuri.